Mke wa Sajini na Bustani ya Mlangoni

Mara ya kwanza kumwona Mke wa Sajini, alikuwa anazimwagia mboga mkojo. Sisemi kwa mafumbo. Alisimama mbele ya mlango wake asubuhi kweupe, kopo la rangi mkononi, akinyunyiza shina moja moja kama mtu anayemimina chai kwa wageni, na harufu ilinifikia kabla ya salamu. Mimi nilikuwa mgeni Kampala. Nilikuwa nimetoka Kakamega kumfuata mume wangu aliyepata kazi kwenye duka la vyuma, na tulipanga chumba kando ya seng'enge ya nyumba za askari polisi, pale Nsambya mteremko unaposhuka kuelekea reli. Nilishika seng'enge kwa mikono miwili, mdomo wazi. Akainua macho, akaniona, akacheka.

"Mama, nashangaa nini? Hii mbolea ya bure. Kila mutu nabeba yake ndani ya tumbo."

Jioni akanipitishia fungu la sukuma wiki juu ya seng'enge. Makubwa! Nilikaa nalo mezani nikilitazama kama mtu aliyeletewa nyoka. Mume wangu, ambaye njaa yake haina maswali, aliniambia niache maringo, nipike. Niliziosha sukuma zile mpaka maji yakaisha ndooni, nikapika, nikaonja kwa ncha ya ulimi, na hapo nikashtuka mara ya pili kwa siku moja. Zilikuwa tamu. Zilikuwa laini kuliko za mama yangu mzazi, Mungu anisamehe.

Wewe unayetaka kujaribu nyumbani kwako, usikimbilie. Alinifundisha baadaye kwamba mkojo haumwagwi vilevile ulivyotoka. Unawekwa kwenye chombo chenye kifuniko, unakaa siku kadhaa, halafu unazimuliwa kwa maji mengi, kopo moja kwa makopo kumi. Unamwagwa chini kwenye udongo, si juu ya majani, na mboga inaachwa wiki kadhaa kabla ya kuchumwa. Ukiumwaga mzima mzima unaunguza mizizi, kisha utakuja kusema Mke wa Sajini alikudanganya.

Jina la ubatizo alikuwa nalo, lakini lilikaa kabatini kama sahani za wageni. Kambi nzima ilimwita bibi ya sajini, na mwenyewe hakutaka jingine. Sajini mimi sikumkuta. Wakati wa vita vya themanini na sita, jeshi la zamani lilipokimbia kurudi kaskazini, yeye naye alipanda lori pamoja nao, kwa sababu alikuwa mtu wa kule na aliogopa kitakachofuata. Alimwacha mkewe na binti yao mdogo mlangoni akawaambia wakae hapohapo, atarudi awakute. Baada ya hapo hakuna barua, hakuna salamu, hakuna aliyemwona akiwa hai wala aliyemwona akiwa maiti. Mke wa Sajini alikuwa amebaki na agizo moja tu, na alilishika. Atakaa kwenye mlango ule mpaka mumewe arudi amkute.

Bustani ilikuwa mbele ya nyumba kwa sababu hiyohiyo. Nyuma kulikuwa na ardhi bora zaidi, nyeusi, pana, yenye kivuli kidogo cha mchana, na kila mwanamke wa kambini alilima nyuma. Yeye alilima mbele, kwenye udongo mwekundu uliokanyagwa na buti za askari mpaka ukawa tofali. Siku niliyomuuliza kwa nini anajitesa, alinijibu huku amejipinda juu ya jembe.

"Nyuma hapana ona geti. Hapa, hata nikiinama, jicho moja naona geti."

Nilicheka, nikidhani ni utani. Kisha nikaona hacheki.

Sasa sikiliza jinsi udongo ule ulivyokubali kuzaa, maana hilo nalo lilinishangaza. Hakulima kwa pupa. Alitandika nyasi kavu na maganda ya ndizi juu ya ardhi ngumu, akayamwagia maji ya kuoshea vyombo, akayaacha mvua nzima ipite. Nilidhani amechoka. Kumbe alikuwa amewaajiri nyungunyungu. Alipofunua, jembe liliingia kama kisu kwenye muhogo uliochemka. Mchagua jembe si mkulima, wanasema, na yeye lake lilikuwa limekatika mpini, amelifunga kwa mpira wa baiskeli. Na kwa sababu pale ni mteremko, matuta yake yote yalilala kukingama mteremko, si kuufuata. Majirani waliofuata mteremko waliona mvua za Aprili zikishusha mbegu zao mpaka kwenye reli.

Alikuwa na roho ngumu kwa miche. Hili sikulizoea kamwe. Dodo zikiota, zile mnazoziita mchicha huko kwenu, zinaota nyingi na nzuri, zimebanana, kijani kitupu, nawe unazionea fahari. Yeye alipita akang'oa nusu. Alizing'oa bila kutazama mara mbili, akizitupa kwenye sufuria, na mimi nyuma yake nikilia, "Mama, wacha hizo! Mama, hiyo nzuri!" Aligeuka akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Wewe napenda zote, utakula kamba. Kila moja nataka kiganja yake ya udongo. Hii nang'oa leo ni mboga ya leo. Ile nabaki ni mboga ya mwezi."

Niliziacha zangu bila kupunguza, kwa ukaidi. Zikarefuka nyembamba kama vijiti vya kiberiti, zikatoa maua kabla ya majani. Alipita kwenye seng'enge, akazitazama, hakusema neno, akaenda zake akiimba wimbo wa kanisani. Afadhali angenisema.

Kuhusu nyanya alikuwa mkali zaidi. Vile vichipukizi vinavyoota kwapani, kati ya shina na tawi, alivinyofoa kila asubuhi kwa kucha, na akikuta kwangu vimekua alininyofolea mimi sikio. Maji aliyaweka chini, hakuyagusisha majani, maana jani la nyanya likilala limelowa linaamka na madoa. Na mahali alipovuna nyanya, msimu unaofuata hakurudisha nyanya, wala biringanya, wala viazi mviringo, kwani hao ni ndugu na ugonjwa wao ni mmoja. Alipanda maharage. Kwa mche uliokatwa shingoni usiku, alinifundisha nisilaani, nichimbe kwa kidole pale chini ya shina, nitamkuta mwizi amejikunja palepale, funza mnene wa rangi ya udongo. Mara ya kwanza kumtoa nilipiga kelele mpaka askari wa zamu akaja na bunduki. Baada ya hapo niliizungushia miche mikebe iliyokatwa pande zote mbili, na funza akalala njaa.

Lazima nieleze habari ya kuku, maana nikiiacha watu wa Nsambya waliokuwepo wataniona mwongo. Jirani yake wa ukuta, mwanamke wa Kiganda, mke wa koplo, alikuwa na kuku mmoja mwekundu aliyependa kitalu cha Mke wa Sajini kuliko nyumbani kwake. Alimwonya mwenye kuku mara ya kwanza kwa upole. Mara ya pili alimwonya kwa sauti. Mara ya tatu hakukuwa na onyo. Jioni mke wa koplo akawa anapita nyumba kwa nyumba.

"Banange, kuku yangu imerara wapi? Nani ameona kuku yangu?"

Mke wa Sajini akatoka na sahani iliyofunikwa. Akamkabidhi mwenzake kwa mikono miwili, kwa adabu zote, amepiga goti kidogo kama wanavyofanya huko.

"Hii yako. Nusu yangu, kwa sababu ilikula mboga yangu. Nusu yako, kwa sababu uliifuga."

Salale! Nilitegemea vita. Niliingia ndani nikafunga mlango nusu, nikaacha ufa wa kuchungulia. Mke wa koplo alifunua sahani, akatazama, akafunika. Kisha akauliza kama amebakiza supu. Kuanzia siku hiyo wakawa marafiki wa kuvaliana vitenge, na mpaka leo sijui kama niseme alikosea au alipatia. Ninachojua ni kwamba hakuna kuku mwingine aliyevuka pale.

Usidhani alikuwa mtu wa mstari mmoja. Alikuwa na mambo yanayogongana ambayo mimi nilishindwa kuyapatanisha. Aliwacheka wanaopanda maua, akisema ua haliliwi na halichemshwi, lakini Jumapili alisimama muda mrefu mbele ya maua ya altare, akiyagusa. Alitukataza kuzungumza na mimea, eti ni ushirikina, na mimi mwenyewe nilimkuta asubuhi moja ameinama juu ya biringanya akiigombeza kwa lugha ya kwao, kidole juu, kwa sababu ilikuwa imechelewa kuzaa. Mboga alimpa kila mtu hata mpita njia, ila mbegu alikunyima mpaka umwonyeshe mikono yako. Mmea bora kuliko yote hakuuchuma hata jani. Aliuacha uzeeke, utoe mbegu, ukauke umesimama. Nilimuuliza kwa nini asile ule mzuri aache ule dhaifu. Akasema mtu anayekula mama na kubakiza mgonjwa, mwaka ujao atavuna hospitali.

Na yeye aliyetuhubiria subira, karoti alizing'oa kila baada ya siku mbili kuona zimefika wapi, akazirudisha. Hazikuwahi kufika popote.

Sasa mbwa. Hapa nataka ukae vizuri.

Kila mara alipopata nafasi alishuka Port Bell, kwenye mialo ya samaki, akarudi na gunia la vichwa na matumbo ya sangara ambayo wavuvi walitupa. Alichimba shimo refu kama mkono mzima kwenye tuta, akamwaga, akafukia, akapanda nyanya juu yake. Ni mbolea kali, inafaa sana, ila shimo liwe refu kweli. Msimu mmoja alikuwa na homa, akamwachia binti yake kazi ya kuchimba, na binti naye alikuwa wa shule na haraka zake. Shimo likawa fupi.

Asubuhi askari wanaofunza mbwa walikuwa wanawapitisha mbwa wao kambini. Mbwa mmoja, mkubwa, mweusi mgongoni, aliyejulikana kwa utiifu, alisimama mbele ya mlango wa Mke wa Sajini. Akanusa. Akakaa chini, akabweka, kisha akaanza kuchimba tuta la nyanya. Askari aliyemshika akamwamuru aache. Mbwa hakuacha. Wa pili akaja kumsaidia.

Kwa mtu wa kawaida, mbwa akichimba kwa jirani, mbwa ni mbwa. Lakini pale ilikuwa kambi ya polisi, na watu wale waliamini kitu kimoja kuliko misahafu yao, kwamba mbwa wa polisi hakosei. Neno lilipita kabla vumbi halijatua. Sajini hakuenda popote. Sajini yuko chini ya nyanya. Watu walianza kukumbuka mambo: kwamba nyanya zile zilikuwa kubwa kupita kiasi, kwamba mama yule hakukubali kulima nyuma, kwamba hakulia. Mke wa koplo, rafiki wa supu, alishika kichwa akajikuta anahesabu nyanya alizokula. Mimi nami nikahesabu zangu. Nilikuwa nimekula nyanya zile tangu nifike, mbichi, na chumvi.

Akaja ofisa wa nyumba, yule aliyegawa vyumba, na vijana wawili wenye majembe. Mke wa Sajini alitoka ndani na homa yake, amejifunga shuka, akasimama kizingitini. Ofisa akamuuliza kuna nini hapo chini.

"Chimba," akasema.

Wakachimba. Watoto wa kambi wakapanda seng'enge ili waone. Jembe likagonga kitu kigumu. Kijana akaruka nyuma. Mwingine akainama, akatoa taya, jeupe, lenye meno madogo. Mwanamke mmoja akaanguka. Ofisa akalichukua taya, akaligeuza, akaligeuza tena, na uso wake ukabadilika rangi kwa aibu.

"Hii ni samaki," akasema.

Kicheko kilichotoka pale kilisikika mpaka hospitali ya misheni. Mke wa Sajini peke yake hakucheka. Aliwaambia vijana, "Mulichimba muzuri. Sasa rudisha, halafu ongeza futi moja." Wakaongeza. Watu walipotawanyika nilimfuata ndani kumpa pole, nikitarajia matusi. Nilimkuta amekaa kitandani.

"Mama, hiyo samaki alifukia binti yangu," akaniambia. "Najua ni samaki. Lakini jembe likigonga, mimi nikaogopa kuona sajini."

Nikamshika mkono, nao ulikuwa wa moto.

Ofisa wa nyumba ndiye aliyekuwa hatari yake ya kweli, si mbwa wala kuku. Nyumba zile ni za kazi. Asiye askari hana haki nazo, na kila ofisa mpya alipokuja alianza na mlango ule. Nakumbuka huyohuyo wa taya la samaki, siku zake za kwanza, alivyosimama mlangoni na kofia yake kwapani.

"Mama, sheria ni hii. Kama sajini alikufa, wewe mjane, tunakupa muda unahama. Kama hakufa, alitoroka kazi, na unahama vilevile."

"Mjane ni nani? Wewe uliona maiti?"

"Mama..."

"Yeye akirudi, atakuta mimi wapi? Keti kwanza, afande. Malakwang natoka jikoni sasa hivi."

Malakwang ni majani ya kwao, machachu, yanayopikwa na ufuta uliosagwa. Ofisa naye alikuwa mtu wa huko, na hakuwa ameyaonja tangu aache nyumba ya mama yake. Alikaa. Alikula akiwa ameinamisha kichwa. Sitasema alihongwa, maana majani si rushwa. Ila mtu mwenye mdomo uliojaa hawezi kutamka neno hama. Na aliyemfuata, ambaye hakupenda majani, alikutana na wanawake wa kambi. Walisimama mbele ya mlango ule, Waislamu na Wakristo, wa kaskazini na wa hapahapa, na mke wa koplo mbele yao.

"Afande, ukimutoa huyu mama, sisi tukule nini? Murete mboga wewe!"

Ofisa akageuza gari. Jioni ile nilimsifu Mke wa Sajini kwa bidii yake ya kilimo, nikasema kweli ardhi inamlipa. Alikuwa anachuma sukuma, kuanzia majani ya chini kama ipasavyo, akiyavunja kwa kuyashusha na kuacha yale ya juu yaendelee.

"Mimi hapana lima mboga," akasema. "Nalima huu mlango."

Basi tulikaa hivyo miaka. Binti yake akakua, akasoma, akapata kazi Bukoto, akamwomba mama yake waende wakaishi pamoja kwenye nyumba yenye maji ya bomba ndani. Hakwenda. Amani ilipoanza kurudi huko kwao kidogo kidogo, ndugu wakamwita akalime ardhi ya ukoo. Hakwenda. Mwenzangu, ukimwona mtu anakataa maji ya bomba kwa ajili ya geti, nawe ungeacha kumshauri. Mimi na mume wangu tukarudi Kenya duka lilipofungwa, na siku ya kuondoka alinipa mbegu zake zote, kila aina, zimefungwa kwenye vitambaa. Nililia njia nzima mpaka Busia.

Nilirudi Kampala baada ya muda mrefu sana, kwa harusi ya mtoto wa shemeji. Nilichukua boda mpaka Nsambya kabla hata ya kunywa chai. Nilitaka kumwonyesha picha za bustani yangu, nijisifu kidogo. Nikaona mlango. Mbele ya mlango palikuwa pameshindiliwa changarawe, na pikipiki mbili zimeegeshwa. Hakuna tuta, hakuna jani. Msichana mdogo, mke wa konstebo, alitoka akinipima kwa macho, nikamuuliza habari za Mke wa Sajini.

"Yule mukubwa wa mboga? Alihama. Iko Bukoto, kwa binti."

Damu ilinichemka. Nilimuuliza ni ofisa gani aliyemfukuza, nikataka jina lake, nikataka kwenda ofisini saa ileile na viatu vyangu vya harusi. Msichana akashangaa.

"Hakuna mutu alimufukuza, mama. Alileta funguo mwenyewe."

Nilikwenda Bukoto kwa maelekezo yake, nikiwa nimechanganyikiwa. Nilimkuta nyumba ya chini, nyuma ya safu ya maduka, amekaa kwenye kiti cha plastiki katika ua wa saruji. Alikuwa amekonda, meno ya mbele hayapo, mgongo umebaki na umbo la kuinama hata akiwa ameketi. Alinijua mara moja. Tulikumbatiana, tukacheka, tukatajiana waliokufa. Nilitazama huku na huku nikitafuta hata kopo moja la dodo. Hakuna. Jikoni palikuwa na fungu la mboga ya nakati limefungwa kamba ya sokoni.

"Mama," nikasema, "unanunua mboga?"

"Nanunua."

Nilishtuka kuliko siku ya mkojo na siku ya mbwa kwa pamoja. Nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza waziwazi kwa nini aliuacha mlango alioulinda miaka yote ile, na mumewe akirudi je. Akavuta khanga mabegani ingawa kulikuwa na joto.

"Alirudi," akasema.

Sikuelewa. Nikauliza nani.

"Sajini. Alikuja mchana, mimi niko kwa nyanya. Nikamjua kutoka geti, kwa kutembea yake. Nikasimama. Miguu ikakataa kwenda. Yeye akakuja mpaka hapa, karibu, kama wewe na mimi. Amezeeka, lakini amevaa muzuri, kofia muzuri. Akaangalia namba ya mlango. Akaangalia mimi." Alijigusa shavu. "Halafu akasalimia mimi kwa Kiswahili."

Lugha ya nyumba yao ilikuwa ya kwao, tangu uchumba. Kiswahili kilikuwa cha kazini, cha maofisa, cha watu usiowajua.

"Akasema, 'Jambo, mama. Bustani muzuri. Ile bibi ya sajini alikuwa nakaa hapa, bado iko?'"

"Yesu! Nawe ukamwambia nini?"

"Nilingoja kwanza. Nilisema moyoni, sasa ataangalia tena. Mara ya pili atajua. Jua lilikuwa juu, mama, kila kitu naonekana." Akatazama mikono yake. "Yeye akaangalia nyanya."

Nilikuwa nimeziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Sikuweza kuvitoa.

"Nikamjibu na Kiswahili, kama yeye. Nikamwambia bibi ya sajini alihama zamani, hapana jua alienda wapi. Akashukuru. Akaenda." Akamaliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya nakati. "Kesho yake, mama, nikahama."